Kabla ya kufunga gunia: kazi na raha za kipupwe nyumbani

Mvua zimekatika. Asubuhi ukitoka nje pumzi inatoka kama moshi, na kule Makete na sehemu za juu za Njombe kuna siku mnaamka mnakuta sakitu imetanda kwenye nyasi. Hiki ndicho kipupwe, na kwetu Nyanda za Juu Kusini hii ndiyo miezi ambayo nyumba inajaa. Mahindi yanaingia kutoka shambani, maharage yako ndani tayari, maboga yamepangwa ukutani, na watoto wa shule wako likizo. Mikono ipo na chakula kipo.

Kila mwaka wakati kama huu simu zinazoingia studio zinabadilika. Mwezi wa pili mnatuuliza habari za mbolea na viwavijeshi. Sasa mnauliza bei ya gunia, na baada ya hapo swali ni lile lile: niweke dawa gani mahindi yasibunguliwe? Ni swali zuri, lakini mara nyingi limeruka hatua. Kabla ya dawa kuna unyevu, na unyevu hauna dawa ya dukani.

Mwaka jana mama mmoja alitupigia akiwa na huzuni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mimi nimeweka dawa, nimefunga vizuri, nimefungua mwezi wa tisa yananuka. Dawa ilikuwa feki au vipi?"

Tukamuuliza aliyaanika siku ngapi. Akasema siku mbili tu, kwa sababu pale kijijini kulikuwa na wizi wa usiku, akaona bora yalale ndani. Magunia manne. Tulizungumza naye mpaka muda wa kipindi ukatuishia, na wengi mlituma ujumbe mkitaka maelezo zaidi. Ndiyo maana tumeyaandika hapa, ili uweze kuyasoma polepole na kumsomea mwingine hapo nyumbani.

Alama nyeusi kwenye punje

Mahindi yaliyokomaa yanajionyesha kwa majani makavu, lakini alama ya uhakika iko kwenye punje yenyewe. Pukuchua punje mbili tatu kutoka katikati ya hindi, uangalie ile ncha iliyokuwa imejishikiza kwenye gunzi. Ukikuta kidoa cheusi, ujue punje imemaliza kupokea chakula kutoka kwenye mmea. Hata ukiyaacha shambani mwezi mzima, uzito wa chakula hautaongezeka.

Kinachobaki ni maji. Kidoa kinapotokea, karibu theluthi ya uzito wa punje bado ni maji, na ndiyo maana wengi wetu tunayaacha mahindi yasimame shambani wiki kadhaa. Si vibaya jua likiwepo. Ila kila wiki ya ziada ina wanaokula kabla yako: mchwa wanaangusha mabua, panya na ndege wanajihudumia, na fukusi wanaanza kutaga. Wengi tunaamini fukusi wanazaliwa ghalani. Ukweli ni kwamba wengine wanakuja wamo ndani ya hindi tangu shambani, wewe mwenyewe ukiwa umewabeba kichwani.

Mahindi yaliyoanguka yakagusa udongo msiyatupie kwenye rundo moja na mengine. Kuvu wanaotengeneza sumu wanaishi kwenye udongo. Yawekwe pembeni, yakaguliwe peke yake.

Siku ya kubeba ni siku ya watoto. Wenye mkokoteni wa ng'ombe wanajua: kwenda shambani watoto wanatembea, kurudi kila mmoja anataka kukaa juu ya mzigo. Wabebeni. Baada ya hapo kuna kazi yao.

Kuanika, na kipimo cha chumvi

Kazi yao ni kufukuza kuku. Bibi anakaa kivulini na fimbo ndefu, mjukuu anakimbia upande wa pili, na mahindi yanakauka. Inaonekana ni kazi ndogo, lakini mahindi yanayolindwa yanabaki juani siku nzima, na yasiyolindwa yanaingizwa ndani mapema kila mtu anapotaka kwenda zake.

Anika juu ya turubai, mkeka au kichanja kilichoinuliwa, usianike chini kwenye udongo mtupu. Tandaza tabaka jembamba, kama vidole viwili hadi vitatu, na ugeuze mara kadhaa kwa siku. Kabla jua halijazama, kusanya na ufunike, kwa sababu umande wa kipupwe unarudisha usiku yale maji uliyoyatoa mchana. Wanaoanika kando ya lami tunawaelewa, lami inashika joto vizuri, ila mahindi yanaokota mafuta ya magari na mawe, na mnawaweka watoto wenu karibu na magurudumu.

Sasa utajuaje yamekauka? Wazee wanatia punje mdomoni na kuuma. Ikikatika kwa mlio, wanasema tayari. Meno yana uzoefu, hatuyadharau, lakini hayatofautishi vizuri asilimia 16 na asilimia 13, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoamua kama kuvu watakua au hawatakua. Viwango vya Afrika Mashariki vinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Kuna vipimo vya umeme vinavyosoma namba hiyo, na wanunuzi wengi wakubwa wanavyo. Nyumbani tumia chumvi.

Tafuta chupa ya kioo safi, iliyokauka kabisa ndani, yenye kifuniko. Jaza punje mpaka theluthi ya chupa. Ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu. Chumvi ikiwa imeshikana kwa unyevu, ianike kwanza juani au uipashe moto, ipoe. Funga, tikisa kwa dakika moja hivi, kisha iache itulie kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu zaidi ya asilimia 15, yarudi juani. Chumvi ikidondoka yote chini na kioo kikabaki safi, umeshuka chini ya hapo.

Msituelewe vibaya: chini ya 15 siyo lazima iwe 13. Sisi tunashauri chumvi ikidondoka, uongeze siku moja au mbili za jua kali kabla ya kufunga. Na upime punje za sehemu mbalimbali za rundo, siyo zile za juu peke yake.

Sumu isiyoonekana kwa macho

Kuvu wakipata unyevu na joto wanaota, na baadhi yao wanatoa sumu inayoitwa sumukuvu. Hatusemi haya kuwatisha. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu wapatao 20 walifariki baada ya kula mahindi yenye sumu hii. Jirani zetu wa Kenya waliumia zaidi mwaka 2004, upande wa Makueni na Kitui: watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa. Walipochunguza, walikuta familia nyingi zilikuwa zimeweka mahindi mabichi ndani ya nyumba. Sababu mojawapo ilikuwa kuogopa wizi. Mama wa magunia manne alikuwa na hofu ile ile.

Dozi kubwa inaharibu ini kwa haraka: macho yanakuwa ya njano, tumbo linavimba, mtu anatapika. Ukiona dalili hizo nyumbani, hasa kwa watu zaidi ya mmoja waliokula chungu kimoja, nendeni kituo cha afya siku hiyo hiyo na mtaje mlichokula. Dozi ndogo ya kila siku haina kelele. Inakaa miaka mingi na inaongeza hatari ya saratani ya ini, zaidi kwa mtu mwenye homa ya ini aina ya B. Mtoto mdogo anayelishwa uji asubuhi na jioni anapata nyingi kuliko mtu mzima, ukilinganisha na uzito wake.

Watu wengi wanatuuliza, si tunapika? Kupika hakuiondoi. Sumu hii inavumilia moto wa ugali na wa uji. Kinachosaidia ni kuchambua: punje zilizooza, zilizobadilika rangi, zilizonyauka, zilizovunjika na zilizotobolewa zinabeba sehemu kubwa ya sumu. Kukoboa nako kunapunguza, kwa sababu sumu nyingi iko kwenye ganda na kiini, lakini ile pumba usiipeleke kwa mifugo ukidhani umemaliza kazi.

Hapa tunawagusa wengi. Nyumba nyingi mahindi mabovu yanaitwa "ya kuku". Sumu hii yenyewe iligunduliwa baada ya ndege kufa: mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa, na chanzo kikaonekana ni mashudu ya karanga yenye kuvu. Kuku wako ni ndugu zao wa karibu. Ng'ombe wa maziwa akila, sehemu ya sumu inatoka kwenye maziwa. Mahindi yenye kuvu yafukieni mbali na bustani na maji, au yachomwe.

Kupukuchua jioni

Baada ya habari hizo, turudi kwenye moto. Kama kuna kitu tunakikosa sisi tuliohamia mjini kwa ajili ya kazi, ni jioni za kupukuchua. Moto wa magunzi unawaka haraka na kuacha makaa mazuri. Kuna viazi vitamu vimefukiwa kwenye majivu, kuna makande ya mahindi mapya na maharage mapya, ambayo hayahitaji nyama ili yanoge. Mbegu za maboga zimekaangwa na chumvi kwenye kikaango kikavu. Mtoto anayejua vitendawili anaanza, na babu anajifanya hajui jibu.

Kazi inakwenda bila mtu kuihesabu. Shangazi aliyekuja kusalimia anakuta amemaliza debe. Habari za ukoo zinasikika hapo: nani anaposa, nani amekwama na karo, shamba gani lina mgogoro wa mpaka. Tumesikia wasikilizaji wakisema mashine ya kupukuchulia imeua jioni hizi. Labda. Lakini mwenye magunia 40 hawezi kumaliza kwa vidole, na hatumlaumu. Wengi wanapeleka ya kuuza kwenye mashine na kubakiza ya kula yapukuchuliwe nyumbani, na tunaona ni utaratibu wenye akili.

Tahadhari ni mbili. Ya kwanza, chambueni mahindi mchana kabla ya kupukuchua. Kwa mwanga wa moto au tochi ya simu, punje yenye kuvu inafanana na nzuri. Hindi lililooza ncha likatwe ile ncha na zaidi kidogo, lililooza katikati liondoke lote. Ya pili, acheni kutia mahindi kwenye gunia na kulipiga kwa mti. Inaokoa muda, ila punje zinapasuka, na punje iliyopasuka ni mlango uliofunguliwa kwa kuvu na wadudu. Mashine pia ifungwe vizuri. Ukiona inatoa chenga nyingi, mwambie mwenye mashine aipunguze mwendo.

Magunia, dumuzi na vidonge

Mdudu anayesumbua zaidi ghalani ni dumuzi. Hakuwa wa kwetu. Asili yake ni Amerika ya Kati, na hapa nchini alianza kuonekana Tabora, miaka ya mwisho ya 1970 kuingia 1980. Wakulima wa kule walimpa jina la Scania, kama lile lori. Anapenda mahindi yakiwa kwenye magunzi kuliko yaliyopukuchuliwa, na anatoboa mpaka miti. Kwa hiyo kihenge cha zamani chenye matundu kwenye nguzo ni nyumba yake. Kabla ya kuweka mazao mapya, ondoa masalia yote ya mwaka jana, fagia, na nguzo zilizoliwa zibadilishwe.

Njia tunayoipenda kwa mahindi ya kula ni mifuko isiyopitisha hewa, ambayo wengi mnaiita mifuko ya PICS. Ilibuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani kwa ajili ya wakulima wa kunde nchini Kamerun, na baadaye ikaonekana inafaa kwa mahindi pia. Ndani ya gunia la kawaida kuna mifuko miwili ya nailoni nzito. Ukifunga vizuri kila mfuko peke yake, wadudu waliomo wanavuta hewa mpaka inakwisha, wanaacha kula na kufa. Huhitaji dawa yoyote.

Lakini mfuko haukaushi. Ukiweka mahindi yenye maji, umefungia maji ndani, na utafungua uozo. Kagua matundu kwa kuujaza hewa na kuubana kabla ya kutia mahindi. Hakikisha hamna vipande vya magunzi vyenye ncha. Weka juu ya mbao, mbali kidogo na ukuta, na uzibe njia za panya, kwa kuwa tundu moja la panya linarudisha hewa. Tena usifungue kila Jumamosi kuchota debe. Tenga gunia la matumizi, mengine yabaki yamefungwa.

Anayetumia dawa ya unga anunue iliyoandikwa ya kuhifadhia nafaka, aangalie tarehe, afuate kipimo cha kwenye pakiti. Dawa ya pamba au ya mboga haiwekwi kwenye chakula hata kama jirani aliweka na hakufa.

Kuhusu vile vidonge vya kufukizia, hapa tutakuwa wakali. Vinatoa gesi yenye sumu, na gesi hiyo haichagui mdudu wala mtu. Kuna wanaoweka vidonge kwenye magunia yaliyo chumba kimoja na kitanda. Usifanye hivyo. Ufukizaji ni kazi ya mtu aliyefundishwa, mahali wasipolala watu.

Ya kuuza na ya kubakiza

Wanunuzi wanafika sasa hivi, fedha taslimu mkononi, na bei ya Juni kwa kawaida ni ya chini kwa sababu kila mtu amevuna. Karo na madeni ya pembejeo hayangoji, tunajua. Ombi letu ni kwamba kabla ya gunia la kwanza kutoka, baba na mama wakae wahesabu pamoja.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Angalieni debe moja linakaa siku ngapi. Nyumba inayomaliza debe kwa siku kumi inatumia madebe matatu kwa mwezi, 36 kwa mwaka. Kwa gunia la madebe sita, hayo ni magunia sita. Ongezeni la wageni na la misiba, maana misiba haiulizi kama ghala limejaa. Hayo saba yafungwe kwanza. Yanayobaki ndiyo ya kujadiliana na mnunuzi, na mjadiliane kwa mizani, siyo kwa lumbesa. Tumeona nyumba ambazo baba aliuza yote peke yake mwezi wa saba, na mwezi wa kwanza mama anakwenda kukopa mahindi yale yale kwa bei maradufu, kipindi cha palizi, mwenyewe akiwa na njaa.

Wakati mahindi yanakauka

Siku za kuanika zina nafasi kati ya kugeuza na kugeuza, na hapo ndipo kazi nyingine za kipupwe zinapoingia. Nyasi za kuezekea zimekauka na hazijaoza, zikatwe sasa. Mabua msiyachome moto, ng'ombe wanayahitaji na ardhi pia. Wenye misitu ya misonobari na milingoti, barabara za moto zisafishwe kabla ya upepo wa mwezi wa nane. Wanaofyatua matofali wanajua kuwa hii ndiyo miezi yao.

Na chini bondeni kuna vinyungu. Unyevu upo bado, na mboga za miezi ya jua zinatoka huko. Wiki ijayo katika kipindi cha kilimo tutazungumza na wakulima wawili wa vinyungu kuhusu kugawana maji bila ugomvi. Kama umeshafanya kile kipimo cha chumvi, tupigie kabla ya hapo utuambie chupa yako ilisema nini, na ulianika siku ngapi.